Mkono Wangu Kwenye Mteremko wa Mbwiga

Springi ya pikapu ya viazi haifai kwenye gari la mashindano. Mimi na mjomba Ambakisye tulilijua hilo siku ile ile tulipoifunga. Msimu wa kwanza ulikuwa umefika katikati, springi yetu ya mbele kushoto imekatika, mashindano ni Jumamosi, na Mbeya nzima hapakuwa na ya saizi yake. Mjomba akaivua ya pikapu yake.

"Itavuta," akasema.

"Ivute," nikamjibu. "Bora ivute nikiwa uwanjani kuliko itulie nikiwa nyumbani."

Ikavuta kweli. Kila nilipokanyaga breki, pua ya gari ilikimbilia kushoto. Basi nikajizoeza kuugutua usukani kulia, kidogo tu, kabla mguu haujagusa breki. Mwanzoni nilikuwa nafikiri. Baadaye mkono ukawa unafanya wenyewe. Nilimaliza msimu nikiwa mwepesi kuliko wote kwenye vumbi, na kombe nikalikosa kwa koni moja niliyoiangusha raundi ya mwisho. Tangu hapo sikuwa na wimbo mwingine: msimu wa pili, kombe ni langu. Waliochoka kunisikia walihama meza.

Kwa hiyo masika yote tulikuwa chini ya gari. Tulishusha injini, tukabadili bushi zote, tukafunga springi mbili mpya, mapacha, tukapiga alaimenti mpaka mjomba akaachia usukani katikati ya shamba na gari likaenda limenyooka. Gari likawa zima. Mwenye kasoro nilibaki mimi, maana mkono wangu ulikuwa bado unagutuka kulia kabla ya kila breki, na sasa hapakuwa na cha kurekebisha.

"Gari tumelinyoosha," mjomba alisema akijifuta oili. "Sasa tukunyooshe wewe."

Akainama kukaza nati za kinasa, kile kisanduku cheusi kilicho chini ya usukani. Kinasa kinashika kila unachofanya kwa mikono na miguu, na gari lisilonacho haliruhusiwi kuvuka mstari. Hilo ndilo sharti la chama chetu, na hatuna ubavu wa kubishana. Barabarani hakuna tena anayeendesha. Magari yanajiendesha, na ukikutwa umeshika usukani kwenye barabara ya serikali, mahakama inakusubiri. Kilichobaki kwa wapenda usukani ni autokrosi: uwanja wa zamani wa ndege, koni zimepangwa kwenye changarawe, gari moja moja linapambana na saa. Hatulipwi. Mimi napanga parachichi kwenye ghala la baridi, mwenzangu anauza dawa za mifugo, na Jumamosi tunakula vumbi pamoja. Vinasa vinaletwa na Kampuni ya Elekezi, ile ile yenye magari ya umma mkoani kwetu. Walituambia ni kwa usalama wetu. Ukipinduka, ijulikane umepindukaje. Tukawapigia makofi.

*

Mama anasafishwa damu mjini mara tatu kwa wiki. Kwa kawaida humpeleka mama mdogo, maana mimi niko ghalani au chini ya gari. Wiki ile mama mdogo alikuwa msibani, nikaenda mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda gari la kliniki tangu mwaka uanze.

Ni gari jeupe la viti vinane, halina dereva wala usukani. Lilikwenda vizuri mpaka Mteremko wa Mbwiga, pale barabara inaposhuka kona baada ya kona, changarawe tupu, na kulia kwako malori ya viazi yanapanda. Kwenye kona ya kwanza gari liligutuka kulia, kidogo tu, kisha likafunga breki. Nikadhani tumekanyaga jiwe.

Kona ya pili, mgutuko, kisha breki. Kona ya tatu nilijikuta mikono yangu imesogea kulia juu ya mapaja na mguu umekandamiza sakafu, na gari limefanya vile vile, wakati ule ule. Hatukupishana hata kidogo. Gari lile halikuwa na springi ya pikapu. Halikuwa linavuta popote. Lilikuwa linatibu ugonjwa wa gari langu, ugonjwa ambao lenyewe halikuwa nao.

"Unaendesha nini, Tuse?" Mama akauliza. "Ndivyo linavyofanya tangu mwezi wa nne. Sisi tumeliita Jeuri."

"Ni hili tu au yote?"

"Yote ya huku mlimani. Nesi wetu alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa, likachubuana na lori, akavunjika mkono. Wakatuambia ni utelezi." Akaikaza khanga yake kiunoni. "Na mbio zake sasa. Enzi za dereva mtu tulikuwa tunashuka hapa tunapiga soga mpaka zinaisha. Siku hizi hujamaliza kusalimia, mzee Mwaisumo ameshatapika."

Mzee Mwaisumo, kiti cha nyuma, mfuko wa plastiki mkononi, aliitikia kwa kichwa tu kwa kuwa hakuthubutu kufungua mdomo.

Lori likatokea kwenye kona. Gari letu likagutuka kama linampokea mgeni. Niliona bodi ya lori ikipita kwenye kioo changu, karibu kiasi kwamba kiganja kisingepita katikati. Mama hakuacha hata kuzungumza, alikuwa ameshazoea. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya lori lenyewe. Mama yangu amezoea kukoswakoswa na kifo mara tatu kwa wiki, na anayemkosakosa ni mkono wangu.

*

Nilipowapigia Elekezi nilitaja neno moja, mgutuko, na kesho yake walimtuma mtu. Mwenye kosa asiyelijua huwa haji haraka namna hiyo.

Aliitwa Bwana Thadeo, mhandisi kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye viatu ambavyo hakutaka viguse oili ya gereji yetu. Alikataa kiti akapokea chai.

"Dada Tusekile, kwanza hongera," alisema. "Mashine zetu zilijifunzia kwenye lami. Vumbi zilikuwa hazilijui. Tukakusanya mikono ya madereva wote wa autokrosi nchini, na wako ukaishinda yote. Magari yote ya mlimani yanashuka kwa mkono wako."

"Mliniuliza?"

"Kinasa ulikifunga mwenyewe."

"Nilikifunga ili nikipinduka nijulikane nimepindukaje. Sikukifunga nimshushe mama yangu Mbwiga wakati mimi niko ghalani napanga parachichi."

Alipuliza chai. "Kuhusu mgutuko, tunaufahamu. Tumeufahamu tangu mwezi wa nne." Alisema hivyo bila kushusha hata sauti. "Mashine haiulizi kwa nini. Iliona dereva aliye mwepesi kuliko wote anafanya hivyo kabla ya kila breki, ikaamini ndiyo siri ya wepesi wake. Na kwa kuwa magari yetu ni mazito kuliko lako, ikauongeza kidogo."

"Mkauongeza."

"Uliongezeka wenyewe."

Mjomba akaweka spana chini. "Si muuondoe?"

"Hauondoki peke yake, mzee. Mkono ni kitu kizima, ukinyofoa kipande unaharibu wote. Na kukusanya mkono wa mtu mwingine ni kazi ya msimu mzima."

"Basi yaegesheni hayo magari mpaka msimu uishe," nikasema.

"Na wagonjwa washukeje? Madereva wa kibinadamu hatuna tena, dada."

Nililichukia swali lile kwa sababu lilikuwa la kweli, na walioligeuza kuwa la kweli ni wao. Waliwafukuza madereva wote wa mlimani, halafu wanakuja kuniuliza madereva wako wapi.

"Dawa ni moja," Thadeo akaendelea. "Ingia msimu wa pili na gari lililonyooka. Mkono wako tayari tunao, kwa hiyo raundi moja inatosha kuusahihisha. Jioni ya mashindano mkono mpya unashuka kwenye magari yote na kuchukua nafasi ya wa zamani. Wewe endesha kama kawaida yako. Ukiwa mwepesi zaidi ya mwaka jana, ndiyo tutashukuru zaidi, maana tumeahidi kubana ratiba ya mlimani."

"Yaani mimi nikipunguza sekunde uwanjani..."

"Magari yanapunguza dakika mteremkoni. Ndiyo."

"Na mnauchuja kabla haujashuka?"

"Wako hatuuchuji. Unapokewa ulivyo." Alitabasamu kama mtu aliyetoa zawadi. Alipomaliza chai alishukuru, akaondoka kwa vidole vya miguu akiruka madoa ya oili.

Mjomba akaitazama ile njia aliyopita. "Mtu mpole sana huyu," akasema. "Anaweza kukuzika ukiwa hai na ukamwambia asante."

*

Kunyoosha dereva ni kazi kuliko kunyoosha gari. Mjomba alikuja na njia yake, na sidhani kama kuna shule inaifundisha. Alipanga ndoo kwenye shamba la viazi lililovunwa, akakaa kiti cha pembeni, akaweka mapajani bakuli la maziwa mgando lililojaa hadi ukingoni. Nikigutuka kulia, maziwa yanahamia kushoto na kumwagikia suruali.

Siku ya kwanza suruali ilikuwa nyeupe upande mzima, na inzi walimsindikiza hadi nyumbani. "Nimeshalowa," alikuwa akisema, "anza tena." Siku ya pili alikuja na suruali ile ile, makusudi. Niliendesha nimefunga kitambaa kwenye kiganja cha kulia ili nikumbuke. Niliendesha nikihesabu pumzi. Niliendesha nikitukana. Ilipofika mwisho wa wiki tulizunguka ndoo zote kwa kasi, na tuliposimama mjomba alichota sukari mfukoni, akainyunyiza kwenye bakuli, akala maziwa yake hapo hapo kitini. Halikuwa limemwagika tone.

"Zunguka tena," akasema na mdomo umejaa. "Safari hii usimwonee huruma mtu."

Nikazunguka. Jamani, sikuwahi kuendesha vile. Gari limenyooka, mkono umenyooka, kona zinakuja zenyewe, breki inashika pale pale ninapoitaka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu kwenye ndoo ya mwisho nikamwona mawazoni mzee Mwaisumo na mfuko wake, kicheko kikaisha.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuipima. Kunichukulia mkono ni wizi, na wizi nimeshauzoea katika nchi hii. Lakini walikuwa wamenichukulia na furaha. Sekunde ile moja ninayoipata kwenye kona, niliyoitafuta masika yote nimelala kifudifudi kwenye matope, ilikuwa inakwenda kuongezwa kwenye mbio za gari lililombeba mama yangu.

"Usiingie basi," mjomba alisema nilipomweleza.

"Nisipoingia, mgutuko unabaki."

"Ingia, uendeshe."

"Nikiingia na mbio zangu, mgutuko unaondoka lakini wanabana ratiba. Mimi nikikosea uwanjani naangusha koni, mjomba. Kule Mbwiga koni ni Mama."

Alilamba kijiko. Tulijua wote wawili kwamba njia ya tatu ipo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja.

"Na kombe?" hatimaye akauliza.

"Nalitaka. Nalitaka mpaka tumbo linauma."

"Najua," akasema. "Na mimi nalitaka. Suruali yangu haitakaa itakate tena."

*

Kila dereva hupewa mizunguko mitatu, na ulio bora ndio unaohesabiwa. Watu walikuwa wamejaa kwenye uzio, wengine wanatafuna mahindi ya kuchoma, wengine wamepanda juu ya matenki ya zamani ya mafuta ya ndege. Mtangazaji alipotaja jina langu walishangilia mpaka kipaza sauti kikakoroma. Walikuja kuona vumbi langu.

Bendera iliposhuka nilitoka mstarini kama mtu anayepeleka keki harusini. Gia ya pili, siongezi. Nilianza kufunga breki mapema, mguu laini, usukani umetulia, nikapita koni ya kwanza polepole hivi kwamba vumbi lenyewe halikuinuka. Mwanzoni watu waliacha kutafuna mahindi. Walidhani gari linaumwa. Kwenye koni ya nne mmoja akacheka, na kicheko kikaenea uzio mzima.

"Mwenda pole hajikwai," mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti, "lakini sijasikia kama hupewa kombe."

Thadeo alinikuta mstarini kabla ya mzunguko wa pili, safari hii hakujali viatu. "Dada, gari lina nini?"

"Ni zima kabisa."

"Basi endesha."

"Naendesha."

"Unajua mkono huu unashuka kwenye magari jioni hii?" Alikuwa ameinama dirishani, jasho linamtoka. "Ratiba nzima itaanguka. Watu watachelewa."

"Watachelewa kufika," nikamwambia. "Mlikuwa mnawawahisha wapi? Mnajua tangu mwezi wa nne, nesi amevunjika mkono mkasema ni utelezi, na leo ndiyo unatokwa jasho, kwa sababu ya ratiba. Toka dirishani, bendera inashuka."

Mzunguko wa pili niliuendesha kama wa kwanza. Walizomea. Mjomba alisimama peke yake kwenye kona ya mwisho, mikono nyuma, akinitazama kama anatazama jeneza la mtu wake.

Wa tatu ndio ulionimaliza. Nilipofika kwenye ile sehemu ndefu iliyonyooka, gari lilikuwa linaniomba. Nilijua hasa ningeanzia wapi, ningeachia wapi, na kwamba hakuna mtu uwanjani pale siku ile ambaye angenikaribia. Mguu ulikuwa juu ya pedali ya mafuta. Ningeukandamiza mara moja tu, mzunguko mmoja ungetosha kombe. Nililia, sioni haya kusema, nililia kwa ghadhabu huku nimeshika usukani umetulia na gia iko ya pili, nikazipita koni zote, sikuigusa hata moja, nikawa wa mwisho. Aliyepasukiwa na tairi alinishinda.

*

Thadeo alipiga simu Jumatatu asubuhi. Upole ulikuwa umemwisha.

"Tunaweza kurudisha mkono wa zamani," alisema.

"Rudisheni. Gari la kwanza litakalochubuana na lori, nitasimama hadharani na ile springi ya pikapu, nieleze mgutuko umetoka wapi na mmeujua tangu lini."

"Tutakusanya mkono mwingine," akasema. "Utachukua msimu mzima. Lakini kinasa chako tunakuja kukivua leo, na hutapewa kingine."

"Njooni na spana zenu," nikamwambia. "Za kwetu hatuazimishi."

Nilikata simu nikiwa shujaa, nikakaa kwenye ngazi ya gereji nikiwa si kitu. Msimu ulikuwa umekwisha ukiwa na raundi moja. Gari lilikuwa nyuma yangu, limenyooka, linang'aa, na halina pa kwenda. Mjomba alipita akalifunika turubai, na nilimshukuru kwa hilo.

Mama alirudi kutoka kliniki jua limeshaanza kupoa, amechelewa kuliko siku zote. Nilimpokea kikapu, nikamshika mkono akae.

"Mmeshukaje leo?" nikauliza.

"Usiniulize." Alivua kiatu kimoja, akakiangalia, akavua cha pili. "Limeshuka Mbwiga kama linabeba mayai. Malori yanapanda, yanashuka, sisi bado tuko kona ya pili. Watu wamelala wakakoroma. Nimefika kliniki, kitanda changu kina mtu mwingine."

"Liligutuka?"

"Hata kidogo. Lakini mwanangu, lile nalo limezidi." Alijinyoosha kwenye kiti na kufumba macho. "Huyo waliyempa kulifundisha ni mwoga kweli kweli. Wangekuja hapa wakuone wewe unavyoendesha, wangejua usukani ni nini."

Nilimwambia nitawafikishia ujumbe.